Chema Chajiuza? Maoni Juu ya Maonyesho ya Kwanza ya Mpiga Picha

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni, lakini katika uwanja wa sanaa imewanyamazisha wengi. Malenga mchanga huzificha beti zake chini ya godoro akingoja zijiuze zenyewe; mchongaji huacha kinyago chake pembeni mwa jiko kikiliwa na mchwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima methali hiyo kwa upande wa sanaa isiyotajwa mara nyingi tuzungumziapo utamaduni wa taifa, yaani sanaa ya picha za mnato. Tutafanya hivyo kwa kueleza matayarisho ya maonyesho ya kwanza ya mpiga picha mmoja wa Makambako, ambayo tuliombwa tuyasaidie.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake hapo, baada ya kupanda milima kutoka Mlimba, sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko nyingine zote. Mahali kama hapo watu huagana kila siku, na waaganao hupenda kuachiana sura zao. Bwana huyu alifungua studio yake mwaka 1990, na tangu hapo amepiga picha za paspoti, za ndoa, za ubatizo na kipaimara, za misiba na za wasafiri. Alipoombwa azionyeshe kazi zake katika ukumbi mjini kwake, na baadaye Njombe, alikataa mara mbili. "Kaka," alituambia, "mimi si msanii. Mimi napiga picha watu wanalipa. Zingekuwa nzuri zingekwisha kujiuza."

Hatukumcheka, wala hatukumsifu ili kumtia moyo, kwa kuwa sifa isiyo na sababu haiondoi shaka. Tulitaka kwanza kujua shaka hiyo imetoka wapi.

Sehemu moja ilitoka katika filamu. Kwa miaka mingi bwana huyu aliamini kuwa mkono wake ni mbovu, maana katika picha zake za rangi shela la bibi harusi lilitoka safi na uso wa bwana harusi ukazama gizani. Hakujua kwamba kwa miongo kadhaa filamu za rangi na mitambo ya kuzisafisha zililinganishwa na ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, na kilichofanana na kadi hiyo ndicho kilichohesabiwa kuwa rangi sahihi. Hatusemi kwamba kila picha yake iliyoharibika iliharibiwa na filamu. Nyingine aliziharibu mwenyewe, naye anazikumbuka. Lakini mtu akijilaumu kwa kosa lililofanyika kiwandani ng'ambo, hana budi kuelezwa ukweli ili abaki na makosa yake tu.

Na mbona hakuyahesabu aliyojifunza? Asubuhi za mwezi Juni huko Njombe ukungu hutanda mpaka mlangoni. Kipimamwanga cha kamera hudanganyika na weupe ule, kikapunguza mwanga, na picha ikatoka ya kijivu kama majivu baridi. Mpiga picha hana budi kukiasi chombo chake na kuongeza mwanga kwa makusudi. Bwana huyu aliligundua jambo hilo peke yake, kwa hasara ya filamu alizozinunua kwa fedha yake. Mtu wa namna hiyo si mbonyezaji wa kitufe.

Sehemu ya pili ya shaka ilitokana na kudhani kuwa kazi ya kuagizwa na mteja haiwezi kuwa sanaa. Hapa tulimtajia Seydou Keïta wa Mali. Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, akawapiga picha makarani, wafanyabiashara na mabibi waliovaa vizuri, na mwanzoni pazia lake la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani mwake mwenyewe. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpigaji wake hajulikani. Mwaka 1994 ndipo zilipoonyeshwa mjini Paris kwa jina lake, naye alikwisha pita umri wa miaka sabini. Basi na tuitazame tena methali yetu. Chema kilijiuza, tena kilivuka bahari, lakini kilikwenda bila mwenyewe. Methali inatuambia kuwa chema hujiuza. Haituambii jina la nani litaandikwa ukutani.

Karibu na kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na picha zilizotundikwa katika duka lile zimetazamwa na wenyeji na wageni kwa vizazi. Kwa hiyo tulimwuliza ndugu yetu: "Na ubao ule wa picha ulioko mlangoni pako ni nini?" Akajibu kwamba ni wa kuvutia wateja. Tukamwambia kuwa hayo ndiyo maonyesho yake ya kwanza, nayo yamedumu zaidi ya miaka thelathini. Tofauti ni moja. Ubaoni picha humwambia mpita njia, "Nawe waweza kupigwa hivi." Ukumbini humwambia, "Simama, umtazame huyu."

Tulipokubaliana hivyo tukaanza kuchagua. Alitandaza sakafuni picha zaidi ya mia tatu. Fungu alilolichagua mwenyewe lilikuwa na mashamba ya chai ya Luponde, vilima vya Njombe katika ukungu, jua likizama juu ya reli, na wazee wenye makunyanzi. Zilikuwa picha safi. Hata hivyo, mgeni yeyote mwenye kamera nzuri na siku mbili za kulala hotelini angeweza kuzipiga. Alizichagua kwa sababu alidhani sanaa hufanana na kalenda.

Nyuma ya mlango palikuwa na katoni ambayo hakutaka kuifungua, ya picha za wateja. Humo tulimwona mwanamke aliyeketi mbele ya pazia lililochorwa ndege na bustani ya maua, amevaa makoti mawili kwa ajili ya baridi, na viatu vyake vina tope la njiani. Ndege ile ya rangi na tope lile la kweli vimekaa katika picha moja bila kugombana. Tulimwona kijana na sanduku lake, aliyepigwa saa moja kabla ya treni, macho yake hayako kwenye kamera bali pembeni, ilipotundikwa saa ya ukutani. Kwa maoni yetu picha hizi zinazishinda zile za chai kwa mbali, maana mpigaji alijua kila mmoja amekuja kutafuta nini, akampa nafasi ya kukitafuta.

Hapo tulitambua kwamba shaka si adui wakati wote. Shaka iliyomfanya aifiche katoni ilikuwa mbaya. Lakini shaka inayomfanya mtu airudie picha mara tatu na kuitupa ndiyo nyenzo ya kazi. Ndugu yetu alitaka kutundika picha themanini. Tulimweleza kuwa huo ni woga. Mshairi naye, ubeti wa kwanza usipomridhisha, huongeza wa saba na wa nane, na vina vikapatana huku maana ikipotea. Tulipunguza mpaka thelathini.

Yalibaki maandishi ya chini ya picha. Alikwisha kuyaandika: "Mama muuza viazi", "Mzee wa Kibena", "Kijana safarini". Tulimkumbusha kilichompata Keïta kule New York. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe nami nawafanyia hivyo hivyo." Juma lililofuata aliwatafuta wenye sura zile. Baadhi wamefariki, akawaona watoto wao. Wengine wamehamia Songea. Aliuliza jina, akaomba ruhusa, na waliokubali akaandika majina yao kamili. Mama mmoja alikataa. Picha ile alipigwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, akasema, wala si kwa ajili ya ukumbi. Kwa maoni yetu ilikuwa bora kuliko zote, na ndiyo sababu hatutaieleza hapa. Tuliiondoa. Mteja alilipa ili apate sura yake; hakuiuza.

Tuna neno pia kwa maofisa wenzetu wa serikali. Maonyesho haya hayakuhitaji fedha nyingi: ukumbi, mbao za fremu, misumari, na daftari la watazamaji kuandika maoni. Kinachohitajika zaidi ni haraka. Ukungu unaopendeza katika picha za Njombe una ndugu yake wa jina moja, ukungu wa unyevu uotao juu ya negativu katika makatoni ya studio. Simu za mkononi zimewapunguzia wapiga picha wa miji midogo wateja wao, na studio ikifungwa katoni hutupwa. Humo mna watu waliosubiri treni, waliooana na waliozikwa, ambao sura zao hazimo katika hifadhi nyingine yoyote. Shaka ya mpiga picha mmoja, akiendelea kuamini kwamba kazi yake si kitu, yaweza kuupotezea mji mzima kumbukumbu yake.

Wahenga hao hao walisema pia kuwa mcheza kwao hutuzwa, nasi tunaona ilikuwa sawa kuanzia Makambako na si Dar es Salaam. Watazamaji wa hapo watamtafuta shangazi yao kwanza, kisha wataona mwanga. Si vibaya.

Usiku wa kuamkia ufunguzi ndugu yetu bado alikuwa na shaka. Alituomba tuondoe picha mbili. Moja tulikataa, nayo ni ya yule kijana wa sanduku. Ya pili tuliitazama kwa muda mrefu chini ya taa ya ukumbi, tukaona kuwa amesema kweli, tukaiteremsha.