Ipime Makueni Kabla ya Vuli

Anayetaka kujua kama kaunti ya mashambani inaweza kujilisha na kuhimili ukame asiitembelee Desemba. Wakati huo Makueni yote ni kijani, na mgeni yeyote ataisifu. Mimi huenda mwanzoni mwa Oktoba. Ukambani vuli hutegemewa kuliko masika, na wiki chache kabla haijanyesha hakuna kinachofichika.

Naanzia mtoni. Mito mingi huko ni mchanga mtupu kwa miezi, ila mchanga huo ndio tangi. Tafuta ukuta uliojengwa juu ya mwamba kuukata mto; nyuma yake mchanga hujaa na maji hukaa ndani, jua lisiyafikie. Lakini usiridhike na ukuta. Chota mchanga kiganjani, uusugue. Ukikwaruza na kumwagika punje punje, utahifadhi maji na kuyaachia. Ukikupaka vidole kama unga, hilo ni tope, na kisima utakachochimba hapo kitakusononesha. Angalia pia nyayo za malori. Mto uliozolewa mchanga umeibiwa maji yake, ndiyo maana naithamini sana sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga.

Nikikuta tope, napanda mlimani kutafuta lilikotoka. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yawe na nyasi zilizoshika ukingo na mtaro uliozibuliwa mwaka huu. Ukingo ukibomoka mahali pamoja, maji yote hukimbilia hapo na kuchimba korongo.

Ghalani sina haraka. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kwa hiyo ghala lililojaa halinitoshi. Natia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, natikisa, naiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi mno kuhifadhiwa. Kipimo hiki hakionyeshi sumu yenyewe; kinaonyesha kama mwenye nyumba ameifungulia mlango. Nikiona ndengu, mbaazi na mtama kando ya mahindi, moyo wangu hutulia.

Barabara na soko huvitazama kwa kupita tu. Mapaa ndiyo huyahesabu: bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 500, yaani mitungi 25, kama mifereji ipo na haivuji.

Kabla ya kuaga humuuliza mama wa nyumba: punda anaondoka saa ngapi kwenda majini, na anarudi saa ngapi?