Nasaba ya Bastola

Bastola ya pini hutambulika hata ikiwa bonge la kutu. Ukingo wa nyuma wa silinda una vijipengo, kimoja kwa kila tundu la risasi. Hapo ndipo pini ya ganda ilipochomoza, nyundo ikaigonga kutoka juu. Eugène Lefaucheux wa Paris aliitoa bastola yake mwaka 1854, na mwaka 1858 jeshi la majini la Ufaransa likaichukua. Baadaye mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliiga kwa wingi, na alama yao ya ukaguzi ni herufi ELG ndani ya umbo la yai.

Ukiipata bastola kama hiyo Lamu, alama hiyo ina uzito. Tangu 1893 ELG ilivishwa taji. Na Mkataba wa Brussels, uliobana uingizaji wa silaha za kisasa Afrika, ulitiwa saini Julai 1890, miezi michache kabla ya Waingereza kuipiga Witu, jirani ya Lamu. Basi bastola yenye taji ilifika baada ya marufuku: ama kwa kibali, ama kwa magendo. Taji lenyewe halifiki ukubwa wa punje ya mchele, na mtu mwenye msasa hulifuta kwa dakika moja.

Ndiyo maana namhusudu fundi asiye na haraka. Kwanza huwauliza polisi sheria inasemaje, kwani bastola kuukuu bado ni bastola. Kisha huhakikisha matundu ni matupu: risasi kuukuu ikigongwa pini yaweza kulipuka. Skrubu hulowekwa mafuta siku nyingi, na bisibisi hutiwa tupa mpaka ikae sawasawa kwenye mfuo. Lakini adui mkubwa Lamu ni chumvi. Ikibaki ndani ya chuma, kutu hurudi chini ya nta, kwa hiyo vipande huoshwa tena na tena kwa maji yaliyokenekwa, vikakaushwa barabara. Kutu nyekundu huondolewa kwa brashi laini na kijiti. Weusi wa umri huachwa. Nta huja mwisho, nyembamba.

Kibao cha mshikio kikiwa kimeoza, hapo mchongaji wa milango anayeitwa kukibadili ana mtihani. Mkono wake unawashwa kutia ua. Hatii. Huchonga mti mtupu kwa umbo la zamani, na upande wa ndani, usioonekana, huandika mwaka aliokitengeneza.