Ukanda Usiofafanuliwa: Kisasili cha Ng'ombe cha Wamaasai na Imani ya Msomaji katika Kusadikika

1.0 Utangulizi

Mwaka 1817 Coleridge alieleza kwamba msomaji wa ushairi huiweka kando shaka yake kwa hiari. Kauli hiyo mara nyingi huchukuliwa kumaanisha kwamba mtunzi wa hadithi hana budi kulifafanua kila jambo la ajabu ili hiari hiyo ipatikane. Makala haya yanadai kinyume chake: ajabu isiyofafanuliwa haivunji imani ya msomaji, kinachoivunja ni ajabu inayokuja kumwokoa mtunzi. Dai hili linajaribiwa kwa kisasili cha Wamaasai na riwaya ya Shaaban Robert.

2.0 Ukanda wa Ngozi

Kisasili cha asili ya ng'ombe kinajulikana sana miongoni mwa Wamaasai, wakiwamo wa nyanda za Kajiado na Kitengela. Katika mkusanyo wa Naomi Kipury (1983), Maasinta, Mmaasai wa kwanza, anaagizwa ajenge boma kubwa, wala asitoe sauti kwa lolote atakaloliona. Ukanda mrefu wa ngozi unateremshwa kutoka mbinguni, na ng'ombe wanashuka kwao hadi bomani. Mdorobo anayeishi naye anaamka, anapiga ukelele wa mshangao, na ukanda unarudishwa juu. Ng'ombe hawashuki tena.

Fanani haelezi ukanda umefungwa wapi, wala ng'ombe wanashukaje bila kuanguka. Hadhira haiulizi, kwa kuwa ajabu hiyo inatangulia mgogoro badala ya kuutatua. Aidha, ina sharti lake, nalo ni ukimya. Sharti likivunjwa, hasara inafuata. Ukimya alioagizwa Maasinta ndio huohuo unaotakiwa kwa msikilizaji: anayeshangaa ndiye anayeadhibiwa.

Hata hivyo, ukimya huo hauko bure. Ukanda usioulizwa unahalalisha umilikaji: mfugaji amepewa, mwindaji amenyimwa. Tena, masimulizi haya yanatoa hati ya ng'ombe lakini hayasemi lolote juu ya hati ya nyasi. Na huko Kitengela, ambako malisho mengi yamegawanywa kuwa viwanja, hilo ni pengo zito. Mhakiki ana wajibu wa kuuliza lile ambalo msikilizaji amekubali kutoliuliza.

3.0 Nchi Inayoning'inia

Katika Kusadikika (1951) nchi nzima iko angani, na mwandishi haiwekei nguzo. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya manufaa, wakatupwa kifungoni. Msomaji huyapokea hayo bila taabu. Nchi ni ya ajabu, lakini baraza lake, chuki zake na magereza yake anayafahamu. Ndiyo maana wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni.

Panapotia shaka ni mwishoni. Karama anashinda, na wajumbe wanafunguliwa. Hakuna kanuni ya maumbile iliyovunjwa hapo, lakini dola iliyowafunga watu sita kwa kusema kweli inasalimu amri mbele ya mtu wa saba asemaye kweli ileile. Badiliko hilo halikutayarishwa. Inaweza kujibiwa kwamba Shaaban Robert alikusudia funzo, na kwamba ngano huruhusu haki ishinde. Jibu hilo lina uzito. Lakini linamtaka msomaji aiamini nia ya mwandishi pale ambapo hadithi yenyewe imeshindwa kumsadikisha.

4.0 Ahadi ya Ufafanuzi

Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla inaonyesha upande wa pili. Mauaji yanayohusishwa na mzimu yanafichuliwa na Bwana Msa kuwa kazi ya binadamu. Hapa ufafanuzi ni wa lazima, kwa sababu riwaya ya upelelezi huuahidi tangu mwanzo. Kuacha mzimu ubaki muuaji kungekuwa ni kumdhulumu msomaji.

5.0 Hitimisho

Basi swali la mhakiki lisiwe kama ajabu imefafanuliwa, bali imewekwa wapi, inafuata sharti gani, na inamfaidi nani. Ukanda wa Maasinta na anga ya Kusadikika hupita majaribio mawili ya kwanza. Katika la tatu ukanda unadaiwa majibu, na ushindi wa Karama unadaiwa zaidi.