Saa 14 za Kutafuta Kichujio Kimoja

Kuna mtego ambao fundi wa ruta za Cisco huujua mapema katika kazi yake, na aghalabu huujua kwa kunasa ndani yake. Ameagizwa kuruhusu kompyuta chache tu zipite kwenye poti fulani. Anaanza kwa kuiamuru poti ifuate orodha ya ruhusa namba 10, ilhali orodha yenyewe bado hajaiandika. Hakuna kinachotokea, kwa sababu orodha isiyokuwepo hupitisha kila kitu. Kisha anaandika mstari wa kwanza: kompyuta za 192.168.5.0, ruksa. Anabonyeza Enter na papo hapo kishale kinaganda. Mstari ule mmoja umeifanya orodha iwe orodha kweli, na kila orodha ya namna hiyo ina mstari wa mwisho usioonekana unaokataa yote ambayo hayakutajwa. Yeye mwenyewe, aliyeingia kwenye ruta akiwa ofisi nyingine, hakutajwa.

Kosa lenyewe linarekebishika kwa amri moja, ila ruta haifikiki tena. Kama fundi hajahifadhi usanidi, atampigia simu mlinzi au mhasibu aliyeko kule, amwombe achomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena ili ruta iamke na usanidi wa zamani. Kama ameshauhifadhi, atafute usafiri na kebo ya konsoli.

Mfano mkubwa wa balaa la aina hii ulitokea Kanada, Ijumaa ya Julai 8, 2022. Rogers, moja ya kampuni tatu kubwa za simu na intaneti nchini humo, iliamka haina mtandao. Wateja zaidi ya milioni 12 waliguswa, na hitilafu ilidumu kwa takriban saa 26. Malipo ya kadi kupitia Interac yalikwama madukani nchi nzima. Tamasha la mwanamuziki The Weeknd lililokuwa lifanyike jioni hiyo mjini Toronto liliahirishwa, na uwanja wenyewe, kama kwa kejeli, unaitwa Rogers Centre.

Kampuni ilikuwa katikati ya kuboresha kiini cha mtandao wake, kazi iliyogawanywa katika awamu saba. Tano zilishapita salama. Ya sita ilianza saa 8:27 usiku, wakati ambao mafundi wa mitandao popote pale huupenda kwa kuwa wateja wamelala. Saa 10:43 alfajiri usanidi wa ruta za usambazaji ulibadilishwa, na katika kubadilishwa huko kichujio kimoja kikaondolewa. Saa 10:45 kiini kilianza kuanguka.

Dakika mbili.

Ruta huishi kwa kupeana habari: anwani fulani zinafikika kwa kupitia kwangu, nyingine kwa kupitia kwa jirani yangu. Mwaka 2022 jedwali la intaneti nzima lilikuwa na zaidi ya njia 900,000 za anwani za IPv4. Si kila ruta inahitaji kuzijua zote. Ruta za kiini kazi yao ni kusukuma pakiti kwa kasi kubwa, na kichujio kilikuwepo ili zisimwagiwe jedwali lote. Kilipoondoka, njia zote zikamiminika ndani, kumbukumbu na prosesa za ruta zikazidiwa, ruta zikaacha kufanya kazi. Na kwa kuwa kiini hicho kimoja kilibeba simu za mkononi pamoja na intaneti ya majumbani, vyote vikaondoka kwa mpigo.

Hapa mtego wa orodha namba 10 unageuka upande wa pili. Mtu aliyelelewa kwenye fayawoli amezoea kwamba kisichotajwa kimekatazwa. Katika kupeana njia, desturi ya miaka mingi ilikuwa kinyume chake: pasipo kichujio, chochote kinapita. Mwaka 2017 IETF, jumuiya inayotunga itifaki za intaneti, ilitoa waraka wa RFC 8212. Unataka ruta inayozungumza BGP, itifaki ya kupeana njia, na mtandao wa mwenye mwingine isipokee wala isitangaze njia yoyote hadi sera iandikwe. Ulikuwa uamuzi wa busara, tena uliochelewa, lakini unahusu mipaka baina ya mtandao na mtandao. Yanayotokea ndani ya kampuni moja hauyagusi, na Rogers iliumia ndani.

Rogers ilieleza jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana. Watengenezaji wa ruta hawafanani katika suala la nani abebe ulinzi huu. Wapo ambao vifaa vyao hupunguza idadi ya njia hukohuko kwenye ruta za usambazaji, na wapo wanaotegemea vizuizi vilivyowekwa kwenye kiini. Mtandao unaochanganya vifaa vya pande zote mbili unaweza kujikuta kila upande umemwachia mwenzake zamu ya ulinzi, na hakuna kifaa kitakacholalamika mpaka siku mafuriko yafike.

CRTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kanada, iliiagiza kampuni ya Xona Partners ichunguze, na muhtasari wa ripoti ukatolewa mwaka 2024. Mna jambo ndani yake linalostahili kusomwa mara mbili. Mwanzoni kazi nzima ya awamu saba ilipewa kiwango cha juu cha hatari. Kadiri awamu zilivyofaulu, programu ya kukadiria hatari ilikishusha kiwango hicho, na awamu ya sita ikaingia ikiwa imeandikwa kuwa ya hatari ndogo, kwa hiyo haikulazimika kupita kwenye ukaguzi mkali na majaribio ya maabara. Ni hesabu ya ajabu. Kufaulu kwa awamu ya tano hakusemi lolote juu ya kichujio kinachoguswa katika awamu ya sita. Programu ilipima bahati ya kikosi ikaiita usalama wa kazi.

Hata hivyo, vichujio huondolewa kimakosa mara nyingi duniani, na visa vingi huisha kabla mteja hajajua kulikuwa na shida. Kilichoiweka Rogers gizani ni kwamba chanzo kilibainika baada ya takriban saa 14. Msomaji ana haki ya kuuliza: kama kiini kilianguka dakika mbili baada ya badiliko, kwa nini mtu asirudishe tu alichobadilisha? Swali la kwanza la fundi yeyote anayeitwa usiku ndilo hilo, nini kimebadilika. Lakini awamu ilikuwa imeendelea kwa zaidi ya saa mbili, na ushahidi wa kipi kilizaa kipi ulikaa katika kumbukumbu za matukio ndani ya ruta zenyewe. Ruta hufikiwa kwa mtandao wa usimamizi, na mtandao wa usimamizi wa Rogers ulitegemea kiini kilekile. Kilipoanguka, wahandisi hawakuweza kuona wala kurekebisha. Ilibidi wasafiri hadi vituo ambako wangeweza kuzifikia ruta.

Basi si wangepigiana simu? Laini zao zilikuwa za Rogers, na intaneti ya majumbani mwao ya Rogers. Katika saa za mwanzo hata wasimamizi wa dharura walishindwa kuwasiliana ipasavyo. Kampuni ililazimika kupeleka laini za washindani wake kwenye vituo vya mbali ili wafanyakazi wake waweze kuongea. Mafunzo ya mitandao hukazania ping, traceroute na tabaka saba za OSI; laini ya kampuni nyingine mfukoni haimo kwenye mtihani.

Simu za dharura za 911 zilipatwa na lililo baya zaidi. Kwa kawaida simu isiyo na mtandao wake hurukia mtandao wowote wa jirani inapopiga namba ya dharura. Ila minara ya Rogers ilikuwa bado inarusha mawimbi, kwa hiyo simu nyingi zilijiona ziko nyumbani salama na hazikutafuta pengine, ingawa nyuma ya mnara hapakuwa na kitu. Aliyechomoa laini yake alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata 911 kuliko aliyeiacha ndani. Kwa mtatuzi wa hitilafu hilo ni somo chungu: kifaa kilichokufa nusu husumbua kuliko kilichokufa kabisa, maana vilivyo jirani nacho huendelea kukiamini.

Miezi tisa kabla ya hapo, Oktoba 4, 2021, Facebook ilikuwa imepitia njia hiyohiyo. Ilipogonga saa 12:40 jioni Afrika Mashariki, WhatsApp, Instagram na Facebook zilianza kutoweka, na bila shaka Dar es Salaam na Nairobi wapo waliolaumu bando. Mafundi walioangalia kwa nje waliona kosa la DNS: jina facebook.com halikuwa na anwani tena. Dalili ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ugonjwa. Wakati wa matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa uti wa mgongo unaounganisha vituo vya data, na amri hiyo ikaukata wote. Programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na dosari. Seva za DNS zilipoona haziwasiliani na vituo vya data zikajihesabu kuwa mbovu, zikaacha kutangaza njia zao kwa BGP, kama zilivyofundishwa. Kila kipande kilifanya kazi yake sawasawa, na jumla yake ikawa kimya.

Facebook ilikuwa na njia ya akiba ya kuvifikia vifaa nje ya mtandao mkuu. Nayo ilikatika. Wahandisi wakatumwa kwenye majengo yaliyojengwa makusudi yasiingilike kirahisi, na mbele ya ruta zilizofungwa makusudi zisibadilishwe kirahisi hata na mtu aliyesimama mbele yake. Ilichukua takriban saa sita.

Swichi nazo zina namna yao ya kumfungia fundi nje. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa, na kuna madaktari vijana waliolazimika kujifunza kuandika maagizo kwa mkono. Swichi huepuka mizunguko kwa itifaki iitwayo spanning tree, ambayo kwa vipimo vyake vya kawaida hudhani kwamba hakuna sehemu ya mtandao iliyo mbali zaidi ya swichi saba. Hospitali ilikuwa imeunganisha idara baada ya idara mpaka mtandao wa picha za eksirei ukawa swichi kumi mbali. Itifaki ikapoteza hesabu, mzunguko ukafunguka. Pakiti ya IP ina kihesabio kinachopungua kwa kila ruta hadi ife. Fremu ya Etherneti haina, hivyo ikiingia kwenye mzunguko huzunguka bila kikomo huku ikizaliana. Zana za kupima nazo zilitakiwa kupita kwenye waya zilezile zilizoziba. Cisco ilituma wataalamu wake, na mtandao ukaanza kueleweka pale tu ulipopimwa sehemu kwa sehemu. Sehemu kubwa ya tiba ilikuwa kuweka ruta kati ya maeneo, ili dhoruba ya upande mmoja isivuke kwenda mwingine.

Kinga za mambo haya si za siri, na nyingine hazigharimu kitu. Fundi wa orodha namba 10 angeandika kwanza amri ya "reload in 10", ruta ijiwashe upya baada ya dakika kumi asipoifuta. Akijifungia nje, anakunywa chai na kusubiri. Ruta za Juniper zina njia iliyo safi zaidi, "commit confirmed": usanidi mpya unaanza kutumika, na usipothibitishwa ndani ya muda, kwa kawaida dakika kumi, wa zamani unarudi bila ruta kuzimwa. Ni jambo la kustaajabisha jinsi amri hizi zinavyojulikana na wengi na kutumiwa na wachache, hasa saa nane usiku mtu anapotaka amalize akalale. Kwa mafuriko ya njia kuna kikomo cha idadi: jirani akizidisha, ruta inakata mazungumzo naye badala ya kuzama pamoja naye. Ripoti ya Xona inataja waziwazi kwamba ruta za kiini za Rogers hazikuwa na ulinzi wa kuzidiwa.

Kinga ya gharama ni njia ya pili ya kuingilia. Kwa ofisi ndogo inaweza kuwa seva ya konsoli yenye modemu ya 4G na laini ya kampuni tofauti na ile inayoleta intaneti. Wengi huokoa fedha hapo kwa kununua laini kwa mtoa huduma yuleyule, na hivyo kununua akiba isiyokuwepo. Kwa kampuni ya simu ni waya, ruta na swichi zake zenyewe, mbali na kiini. Rogers iliujenga mtandao huo wa usimamizi baada ya Julai 2022, ikaweka vikomo kwenye ruta zake, na ikatangaza kutenganisha kiini cha simu za mkononi na cha intaneti ya majumbani, kazi ya miaka na ya gharama kubwa. Septemba mwaka huohuo kampuni kubwa za mawasiliano za Kanada zilitia saini makubaliano ya kusaidiana mmoja akianguka, ikiwemo kubeba wateja wake kwa dharura. Siku ya hitilafu washindani wa Rogers, Bell na Telus, walikuwa wamejitolea kusaidia, lakini kuwahamisha wateja kulihitaji kuifikia hifadhidata yao, na hifadhidata hiyo ilikaa nyuma ya kiini kilichokufa.