Maelezo ya Chombo kama Utanzu: Uhakiki wa Maandishi Yasomwayo na Mashine

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia tenzi, riwaya na tamthilia. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maandishi ya namna nyingine, mafupi mno na yasiyotiwa saini: maelezo ya chombo. Programu ya akili bandia inayotenda kazi kwa niaba ya mtu, ambayo hapa tutaiita wakala, haizifikii takwimu za tovuti moja kwa moja. Hupewa orodha ya vyombo, na kila chombo kina jina, maelezo ya sentensi chache, na orodha ya mambo yanayopasa kutajwa ili kifanye kazi. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza Model Context Protocol, kanuni ya pamoja ya kuviunganisha vyombo hivyo, nayo ikafuatwa baadaye na makampuni mengine. Wakala huyasoma maelezo, huchagua chombo, hukitumia, kisha humweleza mwenye kazi alichokipata.

Hoja yetu ni hii: maelezo mema ya chombo hupimwa hasa kwa jinsi yanavyokiri yale ambayo chombo hakiwezi kuyaonyesha.

2. Sentensi iliyo sahihi na isiyofaa

Tuchukue mfano wa Google Search Console, huduma inayomjulisha mwenye tovuti maneno yaliyotafutwa na watu hata tovuti yake ikatokea katika matokeo ya Google. Vipimo vyake ni vinne: mibofyo, maonyesho, uwiano wa mibofyo kwa maonyesho, na nafasi ya wastani. Tuseme fundi amekieleza chombo cha kuzisoma takwimu hizo hivi:

«Chombo hiki huleta takwimu za utafutaji za tovuti.»

Kisarufi sentensi haina kosa, wala haisemi uongo. Lakini neno «utafutaji» lina maana mbili hapa. Tovuti nyingi zina kisanduku chao cha kutafutia ndani. Je, chombo kinahusu kisanduku hicho ama matokeo ya Google? Binadamu angeuliza, maana wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wakala mara nyingi hubahatisha.

Neno «nafasi» nalo lina mtego. Nafasi ya 1 ndiyo ya juu kabisa. Hivyo tarakimu inapotoka 4 kufika 9, tovuti imeshuka ingawa hesabu imepanda. Tarehe vilevile: siku huhesabiwa kwa saa za California, na kwa mkaaji wa Lubumbashi siku hiyo huanza saa tatu au saa nne asubuhi, kulingana na majira ya kule. Tena, asipotaja idadi, muulizaji hupata safu 1,000 tu, ijapokuwa angeweza kuomba hadi 25,000 kwa mara moja. Asiyeambiwa haya atadhani sehemu ni jumla.

3. Kinachofichwa na athari yake kwa lugha yetu

Jambo zito zaidi ni lifuatalo. Ili kulinda siri za watu, Google haiyaonyeshi maneno ambayo hayakutafutwa na watu zaidi ya makumi kadhaa katika muda wa miezi miwili au mitatu. Mibofyo yake huingizwa katika jumla kuu, lakini maneno yenyewe hayamo katika orodha.

Hebu msomaji azingatie matokeo yake kwa tovuti ndogo ya Kiswahili. Watu wanaoitafuta ni wachache, na kila mmoja huandika kwa namna yake: huyu kwa Kiswahili sanifu, yule kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa. Kila namna ya kuandika huhesabiwa peke yake, na nyingi hubaki chini ya kiwango. Wakala aliyeambiwa kwamba chombo huleta «maneno yote» ataiona orodha fupi, kisha atamshauri mwenye tovuti aandike kwa Kifaransa kwa kuwa hakuna anayetafuta kwa Kiswahili. Ushauri huo ungetokana na neno moja, «yote», lililowekwa bila kufikiri.

4. Maelezo yaliyosahihishwa

Sisi tungependekeza hivi:

«Huleta takwimu za tovuti moja katika matokeo ya Google, hakihusu kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya tovuti. Kitumie kwa maswali ya maneno, kurasa, nchi au tarehe katika miezi 16 iliyopita. Nafasi ya 1 ni ya juu kabisa. Tarehe hufuata saa za California. Usipotaja idadi, utapata safu 1,000. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache hayaonyeshwi: kukosekana kwa neno si ushahidi kwamba halikutafutwa.»

Yawezekana kupinga kwamba maelezo marefu humlemea wakala, kwani huyasoma ya vyombo vyote kwa pamoja. Pingamizi hilo lina haki. Ndiyo sababu hatukuyaeleza maana ya mibofyo, jambo linaloeleweka. Tumetumia nafasi pale tu ambapo kosa haliwezi kujionyesha lenyewe. Wengine watasema mashine zitazidi kuwa na akili. Hata hivyo, mbele ya orodha yenyewe, neno lililofichwa na neno lisilokuwapo hufanana kabisa. Sharti mwandishi aseme.

5. Hitimisho

Kwa kifupi, maelezo ya chombo ni ndugu wa fasili ya kamusi: yana wajibu wa kutaja maana na mpaka wa maana. Wanafunzi wetu waliozoezwa kutunga fasili wanao ujuzi ambao mafundi wa kompyuta wanauhitaji. Inafaa wayasome maandishi haya kwa jicho la uhakiki, kwani katika sentensi chache kama hizi lugha yaweza kuhesabiwa kuwa haina wasemaji.