Mikono ya Madereva wa Isiolo

Kabla lami haijafika Moyale katikati ya miaka ya 2010, dereva wa lori aliyeondoka Isiolo kuelekea kaskazini alikuwa na takriban kilomita 500 za murram, mchanga na mawe. Joto la Archers Post lilimpokea kwanza, kisha Merille, Laisamis na mlima wa Marsabit. Baada ya hapo ilikuja Dida Galgalu, jangwa la mawe meusi ya volkano yanayochana tairi. Wakati wa kurudi alibeba mbuzi na ng'ombe, na abiria wakining'inia kwenye vyuma juu ya mifugo.

Nawaheshimu madereva hao kuliko bingwa yeyote wa mbio za magari, na mimi ni mpenzi mkubwa wa Safari Rally.

Shimo si adui mkubwa, kwa kuwa shimo huonekana. Kinachomaliza mtu ni vituta vinavyojipanga kama bati la paa popote magurudumu yanapopita kwenye murram mkavu. Kati ya kilele na kilele huwa nusu mita hadi mita moja. Ukitambaa kwa kilomita 15 kwa saa, gari linaweza kutikisika kama mara 5 kwa sekunde, na kiwiliwili cha mtu aliyeketi huumia zaidi kinapotikiswa kati ya mara 4 na 8. Mwenye pikapu hukanyaga mafuta mpaka 80, magurudumu yakigusa vilele tu. Mtikisiko hupungua, lakini breki na usukani hukosa mshiko. Mwenye lori lililosheheni hana njia hiyo. Huvumilia kwa saa nyingi, mgongo na figo vikipigwa, huku akitafuta ukingoni ukanda mwembamba ambao bado haujachimbwa.

Tazama vidole gumba vyake. Haviingizi ndani ya usukani. Huviegemeza juu ya ukingo, kwa sababu tairi la mbele likigonga jiwe usukani hujizungusha ghafla na waweza kuvunja kidole kilichonaswa. Hushika kwa wepesi, bila kung'ang'ana. Makalio humwambia mchanga umeanza kulainika, na sikio humjulisha kwamba jani la springi limekatika. Tanboi, msaidizi wake, naye huruka chini na jiwe mkononi, alikinge gurudumu kabla lori halijarudi nyuma mlimani.

Joginder Singh wa Safari Rally angewaelewa watu hawa. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, na mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akiwa na ndugu yake Jaswant. Alishinda tena 1974 na 1976. Mimi humsifu zaidi kwa kufika: alishiriki mara 22, akamaliza 19, katika mashindano ambayo mwaka 1963, na tena 1968, yalimalizwa na magari 7 tu. Hakuliadhibu gari ili lionekane lina kasi.

Siku hizi basi hutoka Isiolo na kufika Moyale juu ya lami, na wagonjwa na wafanyabiashara wamepata nafuu ambayo hakuna mwenye akili angeipinga. Ufundi wenyewe umehamia pembeni, kwenye njia zisizo na lami. Anayetaka kuuona aende njia ya Merti wakati wa kiangazi, akae kiti cha mbele, na asimsemeshe dereva.