Mkono wa Uji

Julai, Lugarawa, mkoani Njombe, ina baridi ya kuota moto. Ukungu hushuka mapema, na watu wote wa nyumbani huhamia jikoni. Hapo ndipo ninapopika makaroni ya jibini, kwa jiko la mkaa na sufuria mbili.

Jibini natoa Njombe mjini, kwenye kiwanda cha maziwa kilichojengwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia. Wafugaji wa vijijini hupeleka maziwa yao pale, nayo hugeuzwa kuwa jibini la Kiitalia. Mozzarella ni tamu, lakini sufuriani huvuta nyuzi na kukataa kuchanganyika na maziwa. Mimi nachukua jibini changa la caciotta, nalikwaruza mapema na kuliweka kando lipoteze ubaridi.

Huku juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemkia kwenye digrii 93 hivi. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ya makaroni ni za watu wa pwani. Sisi tunaongeza, na kipimo ni jino. Naepua kiini kikiwa bado kigumu kidogo, maana yatamalizia kuiva ndani ya rojo.

Rojo lenyewe ni ndugu wa uji. Mama alinifundisha kuvuruga unga wa ulezi kwa maji baridi kwanza, kwa sababu unga mkavu ukikutana na maji moto hushikana madonge. Hapa kazi ya maji baridi inafanywa na siagi: vijiko viwili vya siagi, viwili vya unga wa ngano, koroga taratibu mpaka harufu ya ubichi iishe. Mafuta yameshaizunguka kila chembe ya unga. Ndipo unamimina nusu lita ya maziwa, kidogo kidogo, mwiko usisimame. Pitisha kidole mgongoni mwa mwiko. Mstari ukibaki wazi, rojo limeiva.

Sasa jibini, na hapa ndipo penye ufundi wote. Jibini halipendi moto mkali. Protini yake hujikaza na kuyakamua mafuta nje. Mara yangu ya kwanza niliacha sufuria juu ya makaa, nikapata mafuta yanayoelea na punjepunje chini, kama maziwa yaliyokatika. Iliniuma, kwa sababu nilijua lita ngapi za maziwa zimeingia katika kipande kile. Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza moto. Unaondoa makaa kwa koleo, yaliyobaki unayafunika jivu, unasubiri rojo litulie, ndipo unatia jibini konzi kwa konzi. Likiwa zito mno, kuna kikombe cha maji ya makaroni nilichobakiza.

Kila ninapopika makaroni haya, huwa namkumbuka mpishi James Hemings. Alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa baadaye wa Marekani, akapelekwa Paris mwaka 1784 kujifunza upishi wa Kifaransa, na makaroni yakawa miongoni mwa vyakula vya nyumba ile. Alipata uhuru wake mwaka 1796, baada ya kutimiza sharti la kumfundisha mdogo wake, Peter, kazi ya jiko. Aliulipia uhuru kwa kumpa ndugu yake ufundi, naye Peter akabaki utumwani. Sijui kusimulia jambo hilo bila kusimamisha mwiko.

Mwaka jana mama alikaa kwenye kigoda kando yangu, akiwa amejifunika vitenge viwili. Chakula hiki hakuwa amewahi kukipika. Alilitazama rojo likianza kushika, akanyoosha mkono.

“Lete huo mwiko, mwanangu. Unakoroga kwa bega. Huu ni uji, unataka kiwiko.”

Nikampa mwiko, nikashika koleo.